Chini ya Mkono wa Papa Buibui

Nyinyi mabinti mnaolea watoto wa watu siku hizi, mkija kuniuliza namna ya kupeleka wadogo kwenye bustani ya michezo, wote mnaanza na gari. Gari gani, litoke saa ngapi, nani akae mbele. Hakuna hata mmoja anayeniuliza choo kiko wapi. Gari litapatikana tu, Durban hii imejaa magari. Lakini ukiwa na mtoto wa miaka mitatu anayekuambia "mama, kojo" katikati ya foleni, na hujui choo kiko upande gani, hapo ndipo utajua kama ulipanga safari au ulitoka tu nyumbani.

Mimi sina krechi tena, ile nyumba ya kulelea watoto. Magoti yamekataa, na mtu asiyeweza kuchuchumaa hawezi kulea mtoto wa miaka miwili, maana mambo yake yote yako chini. Ila kwa miaka niliyofanya ile kazi, katika nyumba ya kupanga kule Queensburgh, niliwapeleka watoto bustanini karibu kila mwaka, na kila mwaka tulikosea jambo jipya. Basi kaeni niwasimulie, mcheke mnavyotaka. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Watoto wenyewe walikuwa wa kwetu, Wakongo na Warundi. Baba zao walipakua makontena kwenye maghala ya Clairwood. Mama zao walisuka nywele mjini, wengine waliuza simu, wengine walifanya usafi kwenye nyumba za Westville. Safari hizi tulizianza baada ya ule mwaka mbaya wa 2008, wageni walipokuwa wakipigwa mitaani, nanyi wengi wenu mlifungiwa ndani na kuambiwa msizungumze Kiswahili karibu na dirisha. Watoto walikuwa wamezoea kuta. Kulikuwa na mmoja ambaye nilipomweka juu ya majani ya uani alikunja miguu yote miwili akalia, kwa sababu hakujua majani ni nini. Siku ile niliumia sana. Nikasema hawa lazima watoke, watoke wengi, watoke mchana, na wapige kelele.

Nikawaeleza wazazi kanisani, nao wakafurahi, na hapo ndipo nilipoharibu. Maana sisi watu wa Kongo hatuendi hata kununua mkate bila kamati. Papa Elie, baba wa mapacha, akachaguliwa kuwa prezida wa safari. Akapata naibu, mwandishi na mshauri. Tukawa na watu wa protokoli, wale wanaopanga wageni kanisani na vitambaa begani, nao wakaja bustanini na vitambaa vyao. Tulipofika mlangoni Papa Elie alisimamisha kila mtu juani akatoa hotuba. Akamshukuru Mungu, akawashukuru wazazi, akaishukuru nchi iliyotupokea, akarudi tena kwa Mungu. Alipomaliza, nusu ya watoto walikuwa wamelala mabegani, na nusu nyingine walikuwa wameshakojoa.

Na mngeona walivyovaa! Kwetu mtoto akitoka, anatoka amependeza. Wavulana walikuwa na suti ndogo na tai. Wasichana walikuwa na viatu vya kung'aa, na vichwa vyao, jamani, vichwa vyao vilikuwa vimesukwa saluni siku nzima ya Ijumaa, na meshi, nywele za bandia za rangi, na shanga mpaka mwisho. Halafu tukawapeleka kwenye bustani ya maji! Kila mtoto aliposogea karibu na bwawa, mama yake alipaza sauti: "Usiloweshe kichwa!" Wasichana wetu walisimama kando ya maji kama wageni wa arusi, mikono imetulia, wakitazama watoto wa wenzetu wakirukaruka ndani. Tulipanda gari la kurudi na vichwa vikavu kabisa, na akina mama walikuwa wameridhika.

Masufuria ya sombe, majani yetu ya muhogo, na samaki yalibaki kwa mlinzi wa mlangoni, kwa sababu chakula cha nje hakikuruhusiwa. Alitutunzia vizuri. Tulipotoka alisema harufu ilimtesa, tukampakulia.

Kisa hicho nilimhadithia jirani yangu, Gogo MaKhumalo, bibi wa Kizulu aliyekula chumvi nyingi, ambaye alikuwa amelea watoto wa matajiri kule Westville tangu ujana wake mpaka nywele zikawa nyeupe. Tulizungumza kwa Kiingereza changu kibovu na Kizulu changu kibovu zaidi, lakini kwenye habari za watoto tulielewana sana. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akauliza, "Wewe mwenyewe, bila watoto, ulishawahi kwenda pale?"

Nikasema hapana.

"Kesho tunakwenda. Vaa viatu vya kutembea."

Basi hilo ndilo fundisho lake la kwanza, nami nawapa kama nilivyopewa. Nenda kwanza peke yako. Usipande kitu, usitazame pomboo. Tembea polepole kama mtoto, na mara kwa mara inama uone anachokiona yeye. Gogo alinipeleka kwenye kila choo akakagua kama mlango unafungika kwa ndani, maana mtoto akijifungia humo siku imekwisha. Alitafuta kivuli cha asubuhi na kivuli cha mchana, kwa sababu si kimoja. Alitafuta majani mazuri nje ya geti, ndipo pa kulia sombe kabla ya kuingia. Mtoto akiingia ameshiba, hatalilia kila kibanda cha barafu anachokiona.

Tulipoketi kupumzika nilianza kumtajia mambo yote niliyotaka watoto waone: papa wakubwa, pomboo, treni, bembea, maporomoko ya kuteleza. Gogo akanikatiza. "Mtoto mdogo haoni bustani. Anaona kitu kimoja. Wewe kazi yako ni kukijua hicho kimoja, na kumfikisha hapo kabla usingizi haujafika." Halafu akaongeza jambo ambalo mpaka leo wazazi hawalikubali: "Na mwondoke wakati bado wanacheka. Ukingoja walie, watakumbuka kilio tu."

Na kweli yale makubwa hayana maana kwa wadogo. Mwaka mmoja tulikutana na mtu mmoja wa bustani anayevaa vazi la samaki papa, meno nje, akija kukumbatia watoto. Watoto wetu walitawanyika kama vifaranga. Mama mchungaji, ambaye alikuwa na mtoto wake mgongoni, hakukimbia. Alinyoosha mkono akaanza kumkemea yule papa kwa jina la Yesu, sauti ile ile ya mkesha wa maombi. Papa akarudi nyuma, akarudi tena, mwishowe akavua kichwa, na ndani tukaona msichana mdogo tu, jasho linamtiririka, anaomba radhi. Mama mchungaji akamwombea baraka na kumpa maji ya kunywa. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiwaonyesha watoto picha ya yule papa wiki nzima kabla ya safari, nao walifika pale wakimsalimu kwa jina.

Sasa nifike kwa Debora, kwa sababu mambo ya vyoo na vivuli ningeweza kuwaandikia kwenye simu.

Ndani ya bustani, upande wa wadogo, kulikuwa na mfereji wa maji wa kuzunguka, na mashua ndogo za rangi. Kila mashua inabeba mtoto mmoja mbele na mtu mzima mmoja nyuma yake. Ni za wadogo tu. Mlangoni palisimama mnyama wa mbao mwenye mikono mingi, na mkono mmoja ameunyoosha juu ya njia. Mtoto akipita chini yake bila kuugusa, anapanda na mzazi wake. Akiugusa, ameshakua, aende kwenye michezo ya wakubwa. Wenyeji walisema ni pweza. Sisi watu wa ziwa, mimi wa Uvira, tumjulie wapi pweza? Watoto walihesabu miguu wakaamua ni buibui, na kwa kuwa kwetu mkubwa haitwi jina tupu, wakamwita Papa Buibui.

Debora alikuwa mtoto wa msusi. Mama yake alifanya kazi saluni mjini, mwanamke mpole wa maneno, mwenye vidole vyepesi kuliko wote pale. Baba yake alikuwa kazini Johannesburg, mrefu kama mlango, na mtoto alifuata urefu wa baba. Safari zetu wakati ule zilikuwa za Jumamosi ya mwezi wa kumi na mbili. Na nyinyi mnajua Jumamosi ya mwezi wa kumi na mbili ni nini kwenye saluni. Wateja wanakaa mpaka kwenye ngazi. Kwa hiyo Debora alikuja na sisi bila mama yake.

Ile Jumamosi bustani ilijaa hadi pomboo wenyewe nadhani walichoka. Watu walikuwa wameshuka kutoka bara kwa likizo. Tulisimama kwenye foleni ya mashua mpaka wengine wakakaa chini. Mwishowe ikafika zamu ya Debora. Alipita chini ya Papa Buibui, kulikuwa na nafasi kubwa tu, akafika kwenye mashua nyekundu, akatazama kile kiti cha nyuma. Mbele yake watoto wengine walikuwa wameketi, mama zao wamewazungushia mikono. Mimi nikaanza kujikunja niingie.

"Hapana," akasema. "Miye nitapanda na mama yangu."

"Mama yako iko kazi, Debo. Panda na miye leo."

"Basi nitamungojea."

Na akamngoja. Aliondoka kwenye mashua, akasimama pembeni kwenye ule uzio, mikono juu ya chuma, akatazama mashua zikizunguka. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, ningembeba, ningemnunulia barafu. Alingoja tu, mpaka tulipoondoka.

Jioni mama yake alikuja kumchukua, vidole vimekauka kwa kusuka. Debora akamwambia kila kitu, na mwisho akauliza, "Utakuja siku gani?" Mama yake akanitazama mimi.

"Mwaka ujao nitapanda na wewe," akamwahidi. Kisha mtoto alipokwenda kutafuta viatu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Zawadi, namudanganya. Samedi bosi hawezi kuniachilia. Na mwaka ujao itakuwa Jumamosi tena."

Usiku ule sikufikiri lolote. Lakini Jumatatu, kwenye ule mlango wa krechi ambapo nilikuwa nikiweka alama za urefu wa watoto, nilikumbuka jambo. Pale bustanini nilikuwa nimesimama kando ya Papa Buibui muda mrefu, na mkono wake ulinifika juu kidogo ya kifundo cha kitenge, kiunoni. Nikasimama mlangoni, nikaweka kidole pale pale, nikachora. Kisha nikamwita Debora asimame. Kati ya utosi wake na ile alama palikuwa na nafasi ya vidole vichache tu. Na mtoto yule alikuwa anaota kama mahindi ya mvua. Mwezi wa kumi na mbili ujao angekuwa ameshapita kabisa. Angengoja, mama angekuja au asingekuja, na Papa Buibui angemkatalia.

Nilikwenda kwa Gogo. Aliniuliza kwa nini tunakwenda Jumamosi. Nikasema kwa sababu baba zao wako huru. Akauliza kwa nini mwezi wa kumi na mbili. Nikasema kwa sababu ni likizo.

"Watoto wako wana shule?" akaniuliza.

Hawakuwa na shule. Walikuwa na mimi tu! Miaka yote nilikuwa nikifuata likizo ya watoto wa shule na watoto ambao hawajui hata kushika kalamu. Gogo akaniambia kwamba matajiri aliowafanyia kazi walikuwa wakipeleka wadogo mwezi wa tatu, shule zikiwa zimefunguliwa, jua limepungua makali, tena siku ya kazi. Hakuna foleni. Na nilipokuwa natoka kwake, ndipo nikakumbuka kitu ambacho kila mwanamke wa kwetu anakijua: Jumatatu saluni zinalala. Wateja wamesukwa kwa ajili ya kanisa la Jumapili, Jumatatu hakuna mtu. Wasusi wanakaa wakipiga soga.

Nikaitisha kamati, nikawaambia twende Jumatatu, mwezi wa tatu. Papa Elie alikuja juu kabla sijamaliza.

"Lundi? Safari ya batoto siku ya lundi? Baba bote beko kazi Clairwood. Na protokoli itafanya je? Na hotuba nani ataitoa?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kwamba safari hii ni ya wadogo, kwamba mama wengi wa saluni hawajawahi kuwaona watoto wao wakicheza, kwamba kuna mtoto anakua. Papa Elie si mtu mbaya, lakini alipenda safari ile, na mtu hapendi kuambiwa abaki nyumbani. Nilimwonea huruma. Nikajua nimeshindwa.

Aliyeniokoa ni mke wake, Mama Mapacha, ambaye alikuwa amekaa nyuma anamenya karanga.

"Papa Elie," akasema, bila kuinua uso, "siku ile ya samedi ulibeba mapacha mu foleni. Bakalala. Na wewe ukalala hapo hapo ku majani. Sema mbele ya batu: mu ile bustani uliona nini?"

Papa Elie akafikiri kwa uaminifu.

"Niliona batu," akasema.

Tulicheka mpaka mwandishi akaangusha kalamu. Papa Elie naye akacheka, na alipocheka nikajua imekwisha. Tukakubaliana hotuba itolewe Jumapili kanisani, watoto wakiwa mapajani, na protokoli iwasindikize mpaka mlango wa kanisa. Hotuba ile ilikuwa ndefu kuliko zote, nasi tuliisikiliza kwa furaha.

Mama Debora aliomba ruhusa na bosi akampa bila neno. Wasusi wenzake wawili, ambao pia walikuwa na watoto kwangu, wakapewa. Niliwaonya mama wote kuhusu nywele, nikarudia mpaka nikachoka: nguo za kuchezea, vichwa vya misuko iliyolazwa, hakuna meshi, hakuna shanga, mtoto ataloa na lazima aloe. Wote wakaitikia.

Asubuhi ya Jumatatu Debora alishuka ngazi za kwao, nami nikaachama. Mama yake alikuwa amemsuka Jumapili nzima baada ya kanisa. Misuko midogo, midogo kama uzi, yote imevutwa juu na kushonwa kwenye fundo moja utosini, limesimama kama taji. Nimeona vichwa vingi katika maisha yangu, kile sikuwahi kukiona.

"Nilikusikia, Mama Zawadi," akasema haraka, kabla sijafungua mdomo. "Njo sababu nimeifunga juu. Maji haitaifikia."

Nisingeweza kumgombeza. Huyu mwanamke alisuka watoto wa watu kila Jumamosi, na wa kwake akaja kwangu kila siku amechanwa mbiombio gizani. Mara hii moja alikuwa amempa mikono yake siku nzima. Nikasifu. Debora akageuka huku na huku, shingo imenyooka ili lisianguke. Sote tukasifu, na mimi niliyekuwa nimechora alama mlangoni nilisifu kuliko wote, na wala haikunijia akilini.

Bustani ilikuwa tupu, wanangu. Upepo wa bahari, jua la upole, na vijana wa kazi wamesimama wakitungoja sisi. Tulikula sombe kwenye majani nje ya geti, tukaingia, tukaenda moja kwa moja kwenye mashua, maana kila kitu kingine kingeweza kungoja. Debora alimvuta mama yake mkono njia nzima. Watoto wakaanza kupita chini ya Papa Buibui mmoja mmoja, wakimwinamia kwa heshima ingawa hawakuhitaji. Ikafika zamu yake. Akanyoosha shingo, akatembea.

Ule mkono wa mbao ukagota kwenye fundo la nywele.

Kijana wa mlangoni, Mzulu mwembamba mwenye fulana ya manjano, akakunja uso. "Eish, Mama," akasema, na kwa Kiingereza akatueleza kwamba anagusa. Mama Debora akamwambia ni nywele tu. Kijana akabonyeza fundo kwa kiganja, lakini lilikuwa limeshonwa gumu, halikushuka. Akasema pole. Alisema kweli hawezi kujua kichwa kinaishia wapi, na mkubwa wake akipita atamuuliza.

Debora alielewa bila kutafsiriwa. Alimtazama mama yake, kisha akatazama ule uzio alioushika mwezi wa kumi na mbili. Nilijiona mjinga, na niliona uchungu.

Mama Debora alipiga magoti pale pale kwenye saruji iliyoloa, akamgeuza mtoto, akatafuta kwa vidole mahali uzi ulipofungwa. Hakuwa na wembe. Akainamisha kichwa akaukata kwa meno.

"Mama, itaharibika!" Debora akasema.

"Acha iharibike. Nitasuka ingine."

Akavuta, fundo likafunguka upande mmoja. Wale wasusi wenzake wawili wakaona, wakakabidhi watoto wao kwa Mama Mapacha, wakaja. Mmoja akapiga magoti kulia, mwingine kushoto, na vichwa vitatu vikainama juu ya kile kimoja. Vidole vyao vilikwenda kama vinavyokwenda saluni, mmoja anakata, mmoja anafungua, mmoja analaza misuko mgongoni. Na hapa ndipo niliposhukuru siku ya Jumatatu kwa moyo wangu wote, kwa sababu hapakuwa na mtu hata mmoja nyuma yetu wa kutusukuma. Ingekuwa Jumamosi, tungeambiwa tupishe njia. Yule kijana aliegemea uzio akangoja.

Walipomaliza, taji lilikuwa limekwisha. Misuko ilimlalia Debora mgongoni mpaka kiunoni, mingine imekatika, nyuzi zinaning'inia. Mama yake akafuta magoti, akasema, "Pita sasa."

Debora akapita. Hakukunja shingo wala hakuinama. Mkono wa Papa Buibui ulipita juu ya utosi wake karibu sana, kiasi kwamba misuko miwili ya juu iliinuka kidogo kuufuata, kisha ikalala. Yule kijana alipiga makofi. "Sharp!" akasema, na akawafungulia mashua nyekundu.

Debora akaketi mbele. Mama yake akajikunja nyuma, magoti yamefika masikioni, akamzungushia mikono. Kwenye kona ya mfereji kuna mahali maji yanaruka kutoka pande zote mbili, na aliyepiga kelele pale alikuwa mama. Alipiga kelele ambayo hakuna aliyejua anayo. Alitoka upande wa pili ameloa kichwa kizima, wigi limekaa upande, anacheka na mdomo wazi. Debora yeye hakupiga kelele. Alikuwa ameshika vidole gumba vya mama yake, kimoja kila mkono, kama anayeshika usukani. Walipofika mwisho kijana akatazama nyuma, akaona hakuna foleni, akaisukuma mashua tena kwa mguu. Wakazunguka. Akawasukuma tena. Sikuhesabu. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio ule ule, nikilia bila haya, na Mama Mapacha akanipa kitambaa cha watoto cha kufutia.

Hatukuona pomboo. Tuliondoka wakati bado wanacheka. Ndani ya gari Debora alilala kwenye kifua cha mama yake, misuko imeloa imemgandia shavuni, na mama naye alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo. Jumanne nilimuuliza Debora aliona nini bustanini. Akasema, "Mama yangu anapigaka makelele!" Hakukuwa na kingine.

Mwaka uliofuata, Jumatatu tena, mwezi wa tatu tena, ulikuwa mwaka wake wa mwisho kwangu kabla ya shule. Tulipofika kwa Papa Buibui, Debora alikwenda kupita kama wote. Mkono ukamgonga kwenye paji la uso. Hakukuwa na nywele za kufungua. Nilisogea haraka, nikiogopa uso wake, na nikaanza kumwambia habari za treni ya wakubwa.

Yeye alikuwa akisugua paji la uso na kucheka. Nyuma yake kulikuwa na mtoto mdogo wa Kirundi, mgeni kwetu, ambaye mama yake alikuwa ametangulia kwenye mashua anamwita, naye akaogopa mkono ule. Debora akamshika bega, akamwinamia.

"Pita tu, mama yako anakungojea," akamwambia. "Miye nilishapandaka na wa kwangu."